Mifano Saba ya Kungoja

"Una kioo?" aliuliza Msabaha.

Praful alinyanyua macho kutoka kwenye mashine yake ya kurudufu, mikono imejaa wino mpaka viwikoni. "Kioo cha nini, Bwana Inspekta? Umetoka Hounslow mpaka Thornton Heath kuja kunyoa ndevu dukani kwangu?"

"Nipe kioo, bwana. Maneno baadaye."

Hakuwa Inspekta tena, na wote wawili wakilijua hilo. Uinspekta wake aliuacha kituo cha polisi cha Malindi, Unguja, siku ile ya Mapinduzi alipovua kofia ya kazi akatokea mlango wa nyuma na roho yake mkononi. Sasa ilikuwa mwaka sabini na tisa, na kazi yake ilikuwa kufungua mikoba ya abiria uwanja wa ndege na kuifunga tena. Lakini Wazanzibari wa London walikataa katakata kumvua cheo. Mtu akipotelewa na ndugu, au akiletewa posa na asiyejulikana kwao, humwendea Msabaha. Naye hukubali, maana, tuseme kweli, mikoba ya watu inachosha.

Praful, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha chapa mjini Unguja, alikwenda msalani akarudi na kioo kidogo chenye ufa. Msabaha akatoa barua mfukoni, akaigeuza, akaishika mbele ya kioo.

Barua yenyewe ilimfikia Bi Mardhiya Jumatatu. Imepigwa taipu, haina sahihi, ila "kijana mwanafunzi, Dar es Salaam". Ilisema kuwa mumewe, Bwana Abdulwakil, aliyekwenda Peking mwaka sitini na mbili kusomesha Kiswahili, amefariki huko kwa maradhi ya kifua, tarehe tisa ya mwezi wa Rajab, miaka mitano iliyopita. Muhuri wa posta ulikuwa wa London, lakini hilo halikumshangaza mtu. Barua za kwetu ndivyo zinavyosafiri: msafiri hubebeshwa, akifika huzitia posta.

Mapinduzi yalimkuta Mardhiya Unguja peke yake, mume yuko Uchina. Akatoroka na mama yake, akahangaika Mombasa, mwisho akaangukia Hounslow. Barua ya mwisho ya Abdulwakil aliipata mwaka sitini na sita. Tangu hapo kimya. Na sasa, baada ya kimya chote hicho, kipande kimoja cha karatasi.

Sheikh aliisoma akasema eda huhesabiwa tangu siku ya kufa, si siku ya habari, kwa hiyo imekwisha zamani na Bi Mardhiya ni mwanamke huru. Kilichobaki ni hitima tu. Ikapangwa Jumapili, yaani kesho, baada ya adhuhuri.

"Mimi siwezi kumsomea hitima mtu hai," Mardhiya alimwambia Msabaha. "Nitafutie ukweli. Na ukiupata, uniambie mimi kwanza, kabla ya kiumbe yeyote. Ishara yake ni moja tu, anaandika kwa mkono wa kushoto. Walimpiga sana utotoni, chuo cha Kurani, kwa ajili ya mkono ule, hakuuacha."

Msabaha aliahidi. Na hapa hatuna budi kumfichua mpelelezi mwenyewe, maana yeye hatajifichua. Alikuwa na lake katika kesi hii. Miaka mitatu kila Jumapili alikwenda kwa Bi Mardhiya na nanasi moja, amelishika kwa majani yake, mke wake mwenyewe yuko kaburini mwaka wa saba. Hula wali wake, hukagua naye barua za kodi ya nyumba, huaga kabla ya isha. Hakuwahi kusema neno. Barua ikiwa ya kweli, basi Jumatatu angetuma watu wamposee. Alimpenda, ndiyo, alimpenda mpaka akawa anauogopa mlango wake.

Kitu kimoja tu cha nyumba ile kilimuuma. Bi Mardhiya akishapakua, huukwangua ukoko wa sufuria taratibu usivunjike, akautia sahani, akaufunika kwa kawa. Asubuhi yake huwapa ndege wa uwani. Siku moja Msabaha alithubutu kuuomba. "Huo wa mwenyewe," alijibiwa, kwa adabu, na hakuuomba tena.

"Haya, unaona nini?" Praful aliuliza, kidevu kiko juu ya bega la Msabaha.

Nyuma ya barua palikuwa na madoadoa ya kijivu. Bi Mardhiya alidhani ni uchafu wa safari. Kiooni madoa yaligeuka maandishi: mistari ya Kichina, nambari kumi na tisa, na juu kabisa, kwa herufi kubwa, neno la Kiingereza, "wait".

"Lahaula!" Praful alipiga paja, akaliacha na alama ya wino. "Hiyo kazi yangu! Tazama, wino ulikuwa mbichi, mtu kaweka karatasi tupu juu yake. Namwambia kila mara, Lau, ngoja zikauke. Hasikii yule!"

"Lau nani?"

"Mchina, ana duka la vyakula Gerrard Street. Juu yake ana darasa la Kiingereza la wapishi. Kila wiki neno moja. Juu neno, kushoto maana zake, kulia Kichina, chini matumizi, lini useme na lini usiseme. Halafu makosa wanayoyafanya Wachina. Halafu mifano saba. Na karatasi zikibaki tupu namwachia azichukue."

"Tangu lini unamchapishia?"

"Masika ya mwaka huu."

"Nambari kumi na tisa ni ya lini?"

"Wiki iliyopita." Praful tayari alikuwa ameinama chini ya meza, anafukua kasha. "Ukurasa wa pili nilimpa zote. Wa kwanza ulibaki mmoja, ulichapika kwenda upande. Huu hapa."

Msabaha aliusoma amesimama. Neno limeelezwa kwa uvumilivu wa mwalimu aliyezoea kuulizwa: kwamba ni kukaa pahali mpaka jambo litokee, kwamba Wachina wengi hukisahau kile kipande kidogo kinachotangulia jina la yule anayengojwa, kwamba ukimtumia mkubwa wako bila ya neno la heshima huonekana huna adabu. Kisha mifano. Wa kwanza, ngoja taa iwe kijani. Wa pili, mpishi anangoja maji yachemke. Kwenye wa tatu akatulia.

"Tulingoja treni ya uwanja wa ndege dakika ishirini, hapo Hounslow," alisoma. "Praful, hiyo treni imefika uwanjani lini?"

"Wewe ndiye unayefanya kazi huko."

"Mwaka juzi, Disemba. Kabla ya hapo tulishuka njiani tukapanda basi. Kwa hiyo aliyeyaandika haya alikuwa hapa baada ya mwaka juzi, na anaijua Hounslow."

"Nusu ya London inaijua Hounslow."

"Na barua haikuandikwa Dar. Imeandikwa hapa hapa, wiki iliyopita."

"Basi barua ya uongo!"

"Mwongo naye huweza kutaja kifo cha kweli," Msabaha alisema upesi, upesi mno. "Ila jambo moja halinikai. Kaitaja tarehe ya kufa mpaka mwezi wa Kiislamu, lakini hospitali hakuitaja, wala kaburi. Kama hakutaka kitu ila eda ionekane imepita."

Mfano wa nne ulikuwa wa wazee wasiopenda kungojeshwa. Wa tano aliusoma kimoyomoyo, na Praful aliona uso wa rafiki yake ukibadilika.

"Vipi?"

"Mke wangu," Msabaha alisoma, "akiniwekea ukoko wa wali mpaka asubuhi, akangoja niule kwa chai kabla hajanywa yake."

Praful alicheka. "Sasa hilo ni la Mchina wazi. Na wao wanakula ukoko, wanaupenda kuliko wali. Huyo Lau mwenyewe, bwana. Mtu mnene, mpenda kula."

"Yawezekana," alisema Msabaha. Alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Akakunja karatasi, akatoka bila ya kurudisha kioo.

Ilikuwa saa tisa alasiri alipofika Gerrard Street. Lau alikuwa mlangoni mwa duka lake, mnene kweli, anapanga mabunda ya mboga. Walizungumza Kiingereza, kila mmoja na chake.

"Darasa limejaa," Lau alisema. "Njoo Januari."

"Sikuja kusoma. Nani anaandika karatasi hizi?"

Lau aliitazama karatasi, kisha viatu vya Msabaha. Viatu vya polisi havifichiki hata vikizeeka. "Mimi."

"Zote?"

"Zote. Kuna kosa la sheria?"

"Hapana. Naona ni mtaalamu. Mfano huu wa ukoko ni wako pia?"

"Wangu."

"Mke wako anakuwekea?"

"Mama yangu, zamani, Hong Kong." Lau alitabasamu. "Kitu kitamu sana."

Moyo wa Msabaha ulipanda. Angeweza kuishia hapo. Shahidi amekiri, mpelelezi ameridhika, treni iko Leicester Square, na sokoni mananasi bado yapo. Lakini miaka kumi na miwili ya Malindi ilimshika ukosi, akauliza swali moja zaidi, lile ambalo alitamani asiliulize.

"Mnaula vipi?"

"Unatoka motoni, palepale unamwagiwa supu. Unalia, shhh! Ukikaa haufai tena, unatupwa."

"Ukilala?"

"Ulale?" Lau alikunja pua. "Nani anakula ukoko uliolala?"

"Mfano wako unasema uliwekwa mpaka asubuhi, ukaliwa kwa chai."

Lau alipanga bunda la mboga ambalo lilikuwa limeshapangwa.

"Hujauandika wewe, Bwana Lau."

"Wewe ni wa serikali?"

"Hapana. Nimetumwa na mwanamke mmoja wa Hounslow."

Hapo Lau alifuta mikono kwenye aproni yake, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Halafu akaingia ndani, akafungua mtoto wa meza, akarudi na karatasi moja. Ukurasa wa pili.

"Yeye ameletwa na watu wa vitabu wa Peking," alisema. "Mwaka mmoja, kutengeneza kitabu cha Kiingereza cha Wachina. Analala kwangu juu. Jumamosi anawasomesha wapishi. Anasema Kichina cha Peking, wapishi wa Hong Kong wanamcheka, naye anacheka nao. Mtu mzuri sana. Jumatatu asubuhi anapanda ndege kurudi."

"Jumatatu hii?"

"Jumatatu hii. Anwani ya Hounslow aliipata mkahawa wa Waarabu wa Edgware Road. Jumapili moja alikwenda, amevaa suti yangu, kubwa, kaifunga kwa mshipi. Usiku wake hakula. Baada ya siku mbili kaniomba nimtilie barua posta. Nikamwuliza, kwa nini? Akaniambia, soma mfano wa saba."

Msabaha aliifungua karatasi. Mfano wa sita ulikuwa mfupi: mtu anaweza kungoja miaka kumi na saba na asijue kuwa anangoja. Wa saba ulikuwa mrefu kuliko yote, na mwalimu yeyote angeukata.

Nilingoja kituo cha basi mkabala na nyumba. Akapita mwanamume amebeba nanasi kwa majani yake, hakubisha hodi mara mbili, akafunguliwa. Nilisikia kicheko cha aliyemfungulia. Sikungoja tena.

Aliusoma mara tatu. Katika maisha yake yote ya upelelezi alikuwa ametafuta wezi, wauaji, waliokimbia wake zao na waliokimbia waume zao. Hakuwahi kumtafuta mtu akajikuta mwenyewe. Na kicheko kile alikikumbuka. Alikuwa ameteleza kizingitini, nanasi likamponyoka, Bi Mardhiya akacheka mpaka akashika ukuta. Wiki nzima Msabaha alitembea na kicheko hicho kama mtu aliyepewa zawadi.

"Wewe unamjua huyu mtu wa nanasi?" Lau aliuliza.

"Namjua."

"Ni mumewe?"

"Siye," alisema Msabaha. "Hajawahi hata kuthubutu kuuliza. Nipandishe juu, nimwone bila ya yeye kuniona."

Ngazi zilinuka tangawizi. Mlango wa darasa ulikuwa na kioo kidogo. Ndani wapishi ishirini, wengine bado wamevaa aproni, walikuwa wakirudia neno kwa sauti moja, na mbele yao mtu mwembamba, mvi kichwa kizima, ameupa mlango mgongo. Alikuwa anaandika ubaoni. Chaki ilikuwa katika mkono wa kushoto.

Msabaha alisimama pale kwa muda wa kumaliza mstari mmoja ubaoni. Alimchukia mtu yule, kisha akaona jinsi kola ya shati lake ilivyopinduliwa ikashonwa upya, akashindwa kumchukia. Alishuka.

"Usimwambie kitu," alimwambia Lau. "Lakini kesho asubuhi asitoke. Mwambie lolote, mwambie bomba limepasuka."

Treni ya uwanja wa ndege ilimchukua kutoka Leicester Square moja kwa moja mpaka Hounslow. Njia nzima alikuwa anajipigia hesabu ya siku mbili tu. Kesho hitima. Kesho kutwa ndege. Akinyamaza siku mbili, basi. Lau hamjui Bi Mardhiya, Praful ataridhika na lolote atakaloambiwa, na Abdulwakil mwenyewe ndiye aliyejiua kwa taipu. Nani atamlaumu mtu kwa kumkubalia maiti neno lake? Alishuka stesheni, akapita duka la Jaswinder ambako mananasi yalikuwa yamepangwa nje chini ya taa, Jaswinder akamwita, naye akapita.

"Masalkheri, Bi Mardhiya."

"Akheri, Bwana Msabaha, karibu ndani. Lo! Mikono mitupu leo? Mananasi yamekwisha London nzima?"

"Sikusimama."

Ukumbi mzima ulikuwa viti, viti vya kuazima, vya chuma na vya mbao, vimepangwa safu kwa ajili ya kesho. Juu ya meza palikuwa na juzuu thelathini zimefungwa kwa kitambaa, na chetezo kimeoshwa. Bi Mardhiya alikuwa amejitanda kanga, macho yamevimba, lakini jikoni kulinuka wali wa nazi kama Jumapili yoyote.

"Umeupata?" aliuliza. Hakuzunguka.

"Nipakulie kwanza."

Alimtazama, akaenda. Msabaha alikaa jikoni pahali pake pa siku zote, akala. Alikula taratibu kuliko alivyowahi kula, maana aliijua sahani ile kuwa ya mwisho namna ile, lolote atakalosema. Akisema uongo, atakula hapa kila siku, na kila siku atakuwa anakula cha mtu. Karatasi mbili zilikuwa mfukoni mwake, juu ya moyo, zinachakarisha kila akimeza tonge.

"Bwana Msabaha, mimi si mtoto," alisema Bi Mardhiya, amempa mgongo, anaukwangua ukoko kwa upawa, taratibu, pembeni kwanza kisha katikati. "Kama ni kweli, sema ni kweli. Miaka kumi na saba nimeuweka huu. Nikiambiwa ni kweli, leo ndiyo mwisho wa kuuweka. Nitakupa wewe, Wallahi, uliwahi kuuomba."

Ukoko ulitoka mzima, mwekundu, mviringo wa sufuria. Aliuinua kwa mikono miwili, akageuka nao, akangoja.

Angenyoosha mkono tu.

"Bi Mardhiya," alisema, na sauti ilimtoka nzima kuliko alivyotarajia. "Huo ufunike. Na kesho usiwape ndege. Uutie bakuli lenye kifuniko, na chupa ya chai, tunatoka saa mbili."

Hakusikia alichojibiwa, au hakikuwa neno. Aliziweka karatasi mbili mezani, karibu na kawa, yenye mfano wa tano juu na yenye wa saba chini. Kisha akanawa mikono, akaenda ukumbini, akabeba viti viwili vya hitima, kimoja kila mkono, akaanza kuvirudisha kwa wenyewe.